Picha ya Siku ya Kabichi

Inspekta Bang Mi-ryeong hakupenda kuharakishwa, na asubuhi hiyo Heukgol nzima ilikuwa inamharakisha. Bosi wake alishampigia simu, kisha akampigia tena, akitaka faili la ile mifupa lifungwe kabla ya sherehe ya kesho. Mafundi waliokuwa wanapanga viti ukumbini walimzunguka wakinung'unika. Na Mzee Ha Man-sik, mwenyekiti wa kamati ya mnara wa kumbukumbu ya wachimbaji, alikuwa anaangalia saa yake kila baada ya muda na kuhakikisha kwamba inspekta amemwona akiiangalia.

"Uliza, mwanangu, uliza," alisema. "Mimi sina siri. Ila kesho mnara unafunuliwa, na mgeni rasmi yuko njiani."

"Naangalia picha tu, mzee."

"Angalia! Si ndiyo kazi yake? Mji wetu wote uko ukutani humu."

Na kweli ulikuwapo. Heukgol ya siku hizi imebaki na wazee wanaokohoa na hoteli isiyo na wageni, lakini ukutani bado ilikuwa inafurika watu. Wachimbaji waliotoka shimoni wakicheka, meno na macho tu ndiyo yanaonekana. Foleni ya ndoo bombani. Watoto wa shule wameinua michoro yao, na kila mmoja kaupaka mto rangi nyeusi, maana hawakuwahi kuuona wa rangi nyingine.

Mi-ryeong hakuja kwa ajili ya kumbukumbu. Majuzi, mafundi waliokuwa wanafungua handaki la zamani ili watalii waingie walikuta mifupa ya mtu nyuma ya ukuta wa mawe yaliyoporomoka. Mguu ulikuwa umevunjika. Mabuti ya mgodini yalikuwa bado miguuni, na kiunoni kulikuwa na kibati cha shaba chenye jina: Tak Jun-bae.

Jina hilo Heukgol ilikuwa imeshalitafutia jingine zamani. Msaliti. Mwaka wa mgomo, robo karne iliyopita, viongozi wa wachimbaji walikamatwa wote siku moja, na mmoja tu, Jun-bae, hakuonekana. Watu hawakuhitaji kufikiri sana. Wakasema yeye ndiye aliyewauza kwa kampuni, akakimbilia mjini. Mke wake, Seo Gap-sun, alikaa miaka yote hiyo katika mji ambao watu walikuwa wakivuka barabara ili wasimsalimie. Sasa mume kapatikana chini ya ardhi, mle mle walimofia wenzake, na mjane alikuwa anaomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye mnara pamoja na waliokufa shimoni. Kamati ilikuwa imekataa. Kamati maana yake Ha Man-sik.

"Njoo uone hii," Man-sik alisema, akampeleka hadi kwenye picha ya mlangoni, yenye kimo cha mtu mzima. "Nimeichagua mwenyewe. Noh, mpiga picha wetu, alitaka kuweka wale watoto wa shule. Nikamwambia, wee Noh, mgeni rasmi aingie akutane na makamasi?"

Ilikuwa safu ya nyumba za kampuni, ukuta mmoja na milango mingi. Mbele ya kila mlango kulikuwa na rundo la kabichi, na wanawake wamechuchumaa, mikono imezama kwenye mabeseni ya maji ya chumvi, wakizihifadhi kwa majira ya baridi.

"Siku ya kabichi," Mi-ryeong alisema.

"Aa, kumbe unaijua!"

"Baba yangu alikuwa mchimbaji, mzee. Bonde la pili."

"Basi wewe wa kwetu! Huu ndio mwaka wa mgomo. Ilikuwa mara ya mwisho kampuni kutuletea kabichi, mwaka uliofuata walitunyima kwa hasira. Na siku hiyohiyo ndiyo ile." Mzee alishusha sauti, akionekana kuifurahia habari yake. "Alfajiri msaliti akapanda treni. Asubuhi kabichi zikaja. Mchana polisi wakatuzoa. Ona pale, mlango wenye kibao kilichopinda. Kabichi zake hizo, hazina mwenyewe. Mlango wa jirani ndio wangu."

"Nani alimwona akipanda treni?"

"Mke wangu, Ok-rye. Alikuwa anateka maji, akamwona anateremka na begi kuelekea stesheni. Aliwaambia polisi siku hizo na atakuambia hata leo."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Shimoni, zamu ya asubuhi. Nimetoka mchana nimekuta pingu zinaningoja."

"Ulikaa ndani muda gani?"

"Wiki hivi."

"Wenzako walikaa miaka."

"Wenzangu walikuwa wakaidi," Man-sik alisema. "Mimi najua kuzungumza na watu."

"Kama Jun-bae alipanda treni, kafikaje handakini?"

"Alirudi! Alikuja kuiba nyaya za shaba, alikuja kujificha, nani ajuaye? Dari likamwangukia. Mungu naye ana macho."

Mi-ryeong alichuchumaa mbele ya picha. Hakuangalia kabichi wala nyuso. Aliangalia vizingiti, kimoja baada ya kingine, hadi alipofika kwenye mlango wenye kibao kilichopinda. Hapo alikaa.

"Umeangusha kitu?" Man-sik aliuliza.

"Hapana, mzee. Naziangalia kabichi."

"Kubwa, eh? Siku hizi hazipatikani kabichi kama zile."

"Hazipatikani," alisema Mi-ryeong, akainuka, akaondoka bila kumaliza chai ya shayiri aliyokaribishwa.

*

Noh Pil-gyu alikuwa amepiga picha za Heukgol tangu akiwa kijana, harusi na maziko bei moja. Studio yake ilinuka dawa za kusafishia picha, na yeye mwenyewe alikuwa mkali kuliko hizo dawa.

"Sina kitu cha polisi hapa, binti."

"Watu wanasema una picha ya Tak Jun-bae akipanda treni."

"Watu!" Noh alivuta droo, akatupa picha mezani. Mtu mwenye koti anapanda behewa, begi mkononi, mgongo kwa kamera. Paa la stesheni lilikuwa limelemewa na theluji.

Mi-ryeong aliitazama. Mji mzima ulikuwa umeiapia picha hiyo kwa miaka. "Siku ya kabichi theluji ilikuwa imeanguka?"

"Theluji gani! Si umewaona wanawake wamekunja mikono ya nguo? Hii niliipiga baada ya mwaka mpya. Huyu ni mwalimu wa hesabu, alikuwa amehamishwa. Hata mwendo wake ulikuwa wa mwalimu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Walikuja hapa dirishani, wakaona walichotaka kukiona, wakaenda zao. Mimi nauza picha, siuzi maelezo."

"Ungesema tu, mzee. Yule mama amenyimwa salamu maisha yake yote."

Noh aliirudisha picha kwenye droo, na droo ikamgomea kufunga.

"Nataka filamu ya siku ya kabichi," Mi-ryeong alisema. "Ile ya mlangoni mwa ukumbi."

Noh aliiweka juu ya kioo chenye taa chini yake, akampa kioo cha kukuzia. Mi-ryeong aliinama. "Mzee Noh, hebu niambie habari ya viatu vya wachimbaji. Nataka nione kama mama yangu hakunidanganya."

"Hayo ni mambo ya wanawake."

"Niambie hivyohivyo."

"Mume akishashuka shimoni na mabuti yake, mke anavichukua viatu alivyoviacha kizingitini, anavigeuza pua zitazame chumbani. Ili arudi. Akisharudi salama, mke anavigeuza tena vitazame nje. Mwanamume havigusi hata umlipe, ni mkosi. Wengi wao hata hawajui vimekaaje."

"Ndiyo. Mama naye aliniambia hivyo." Alimpa kioo. "Sasa angalia. Mlango wa kwanza, pua nje. Mwenyewe yuko ndani amelala, zamu yake ya usiku. Wa pili, pua ndani, yuko shimoni. Wa Man-sik?"

"Pua ndani," Noh alisema. "Si alikuwa zamu?"

"Alikuwa zamu, kasema kweli. Haya, mlango wenye kibao kilichopinda."

Noh aliinama. Alikaa hapo muda mrefu mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakipangusa kwa mkono wa koti, akainama tena. Kizingitini kwa Tak Jun-bae kulikuwa na viatu vya ngozi vinavyong'aa. Pua zilitazama chumbani.

"Na mke wake siku hiyo alikuwa wapi?" Mi-ryeong aliuliza.

"Gap-sun? Alikuwa kwao, ng'ambo ya mlima, amekwenda kujifungua. Alirudi kesho yake jioni na kichanga mgongoni."

"Basi nani alivigeuza?"

Mzee alivua miwani yake. "Sijui, binti. Mimi siku ile nilikuwa naangalia kabichi."

"Nisafishie kipande hicho peke yake. Kikubwa. Nitasubiri."

*

Aliwakuta wawili. Hilo alikuwa amelifanya makusudi, maana jirani alimwambia kwamba Ok-rye, mke wa Man-sik, anashinda kwa Gap-sun leo, wanaandaa chakula cha matambiko. Gap-sun alikuwa amesema mnara wakiunyima jina la mume wake, yeye atamwandalia meza nyumbani kwake na hakuna kamati itakayomzuia. Kwa hiyo walikuwa wameketi sakafuni, kikaango katikati yao. Mmoja anachovya vipande vya boga kwenye unga, mwingine anakaanga. Walikuwa wakifanya hivyo pamoja tangu ujana wao na hawakuhitaji kuambizana kitu.

"Karibu ule, Inspekta," Gap-sun alisema. "Umekonda, polisi hawawalishi? Dada Ok-rye, mpe hicho chenye rangi nzuri."

"Asante, mama Yeon-hui. Nina maswali machache kwa dada yako."

Ok-rye aliendelea kugeuza boga kikaangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono mikubwa. "Nilishasema yote zamani, Inspekta."

"Yaseme tena. Ulimwona Jun-bae wapi?"

"Njia ya stesheni. Alfajiri. Ana begi."

"Alivaa nini?"

"Koti." Alisita. "Na vile viatu vyake vya ngozi."

"Una hakika na viatu?"

"Basi, basi!" Gap-sun aliingilia. "Mbona unamhoji kama mwizi? Huyu ndiye aliyenisimamia, Inspekta. Mji wote ulinitupa. Watoto wenzake walipompiga binti yangu Yeon-hui mawe, huyu ndiye aliyetoka na ufagio. Uchumba wa mwanangu ulipovunjika kwa sababu ya baba yake, huyu alikaa na mimi hapa tukalia. Ukitaka kumsumbua dada yangu, nisumbue mimi."

"Nitakuuliza wewe basi. Mume wako alikuwa na viatu gani?"

"Alikuwa na nini maskini! Mabuti ya shimoni na viatu vya harusi. Vya ngozi. Alivipiga rangi mpaka ungeweza kuchania nywele humo."

"Uliporudi na mtoto ulivikuta?"

"Sikuvikuta. Dada Ok-rye aliniambia ameondoka navyo."

Mi-ryeong aliitoa picha kwenye bahasha. Ilikuwa bado na unyevunyevu. Aliiweka sakafuni mbele ya Gap-sun, akaisogeza karibu na mwanga wa dirisha.

"Huu mlango wangu," Gap-sun alisema. Akacheka kidogo. "Tazama kibao! Nilimwambia Jun-bae akinyooshe, akawa anasema kesho, kesho. Hii ya lini?"

"Siku ya kabichi. Kabichi zimeshaletwa. Treni ya alfajiri imeshakwenda."

Gap-sun aliishika picha kwa ncha za vidole vyenye unga. Kicheko kilikuwa bado mdomoni, hakijui kwa kwenda. Akaisogeza karibu na macho. Akaiweka mbali. Mafuta yalianza kutoa moshi, na Mi-ryeong akanyoosha mkono, akazima jiko.

"Hivi viatu vyake," Gap-sun alisema.

"Ndiyo, mama."

"Vimetazama ndani. Alikuwa shimoni." Akainua uso, lakini hakumtazama inspekta. "Mimi sikuwapo. Dada, ni nani aliyevigeuza viatu vya mume wangu?"

Ok-rye alikuwa ameshika uma wa kukaangia. Aliuweka chini taratibu.

"Ni mkono tu wa mazoea, Gap-sun," alisema. "Nilitoka kugeuza vya Man-sik, nikaona vya Jun-bae vimekaa vilevile alivyovivua. Nikasema mwenzangu hayupo, nani atamgeuzia. Nikavigeuza. Sikuwa najua kitu, naapa, asubuhi ile sikuwa najua kitu. Walishuka pamoja. Man-sik alimwambia viongozi wana kikao kwenye handaki la zamani."

"Kulikuwa na kikao?" Mi-ryeong aliuliza.

"Hakukuwa na kikao. Jun-bae alikuwa ameshagundua kwamba anayepeleka maneno kwa kampuni ni Man-sik. Mchana Man-sik akatoka peke yake, handaki ameliporomosha nyuma yake. Akaniambia, Jun-bae kaondoka na treni ya alfajiri, wewe umemwona. Nikamwambia, nitasemaje hivyo na viatu vyake nimevigeuza mimi? Akanitazama. Hakuwa hata amevifikiria. Akasema, kavichome. Polisi wakaja wakamchukua, nami nikavichoma chini ya chungu cha supu."

Nje mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti ukumbini, moja, mbili, moja, mbili, na ilikuwa sauti ya Ha Man-sik.

"Mwaka wa kwanza ningesema," Ok-rye aliendelea. "Nilikuja mpaka hapa mlangoni nikitaka kusema, ukanipa mtoto nimshike ili ukateke maji. Nikashindwa. Baadaye ukaanza kuniita dada."

"Inspekta," Gap-sun alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mkamate mume wake."

"Siwezi, mama. Kwa kosa la miaka ile, muda wa kumshtaki umepita. Sheria imeshafunga mlango, nikienda nayo mahakamani watanicheka." Alilisema wazi kwa sababu hakukuwa na namna nzuri ya kulisema. "Ninachoweza ni kuandika kwenye faili kwamba Tak Jun-bae aliuawa akiwa kazini na hakumsaliti mtu. Lakini kamati haisomi mafaili yangu. Kamati na mji wataamini mdomo mmoja tu, uleule waliouamini mara ya kwanza."

Ok-rye alitikisa kichwa, kisha akatikisa tena kwa namna nyingine, akikubali. "Nitasema. Kesho, mbele ya mgeni rasmi na wote. Man-sik anifukuze akitaka. Nitasema jina la Jun-bae liandikwe." Alianza kulia. "Nitasema na kuhusu bomba."

Mi-ryeong aligeuka haraka. Bomba alikuwa ameliona. Lilipita pembeni ya mifupa, bomba la zamani la hewa, na mahali pamoja lilikuwa limebonyea kwa kupigwapigwa na jiwe. Hilo hakumwambia mjane. Alikuwa ameamua asimwambie kamwe.

"Bomba gani?" Gap-sun aliuliza.

"Mama Yeon-hui, hilo tunaweza..."

"Bomba gani, Ok-rye?" Hakusema dada.

"La hewa. Lilitokea nyuma ya bafu la kampuni. Jioni ile nilikwenda kuoga, hakukuwa na mtu, wanawake wote walikuwa kituo cha polisi wanalilia waume zao. Nikasikia mtu anagonga. Anagonga, ananyamaza, anagonga." Ok-rye aliziba masikio yake kwa ile mikono mikubwa, halafu akaishusha. "Ningesema, wangemtoa. Wangemtoa, na Man-sik angenyongwa, na mimi nina watoto watatu. Nikavaa nguo nikarudi nyumbani."

Gap-sun alichukua kitambaa, akafuta unga kwenye vidole vyake kimoja kimoja. Alipozungumza aliuliza kwa upole, kana kwamba anamuuliza mtu habari za safari.

"Mimi nilirudi kesho yake. Ulinipokea hapo njiani, ukaniambia baba wa mtoto ametukimbia. Ukasema mtoto ana vumbi la safari, ukambeba Yeon-hui kwenda kumwogesha bafuni, maana maji ya moto yalikuwa kule."

"Gap-sun, usi..."

"Ulichelewa. Nakumbuka ulichelewa, matiti yakawa yananiuma. Ulipokuwa unamwogesha mwanangu, baba yake alikuwa bado anagonga?"

Mi-ryeong alitamani Ok-rye aseme uongo, japo mara moja tu, huu wa mwisho.

"Alikuwa bado," Ok-rye alisema.

Ukumbini kipaza sauti kilipiga kelele kikazimwa. Gap-sun alikunja kitambaa, akakiweka juu ya goti lake.

"Kesho ni mbali," alisema. "Yeon-hui anashuka na basi la mchana huu. Utaanza na yeye."

Ok-rye alijaribu kuinuka, lakini Gap-sun alikuwa ameshamshika mkono.

"Inspekta, na wewe kaa," alisema. "Tumsubiri."